Panya Wazee na Moyo wa Mama

Wasiwasi wangu ulianza siku mama alipoanza kukagua mahindi.

Ilikuwa mwezi wa sita, mahindi yamefika kiunoni, nami nilikuwa nimetoka Bungoma kwenda kumwona nyumbani kwake, nje kidogo ya mji wa Kitale. Tulikuwa tunarudi kutoka kisimani. Njia ile ina mwinuko mdogo ambao mama ameupanda tangu nikiwa mgongoni mwake, mtungi kichwani na maneno hayamwishi mdomoni. Siku hiyo alinyamaza. Katikati ya njia akaweka mtungi chini, akageukia shamba, akashika jani la hindi na kulichungulia juu na chini.

"Hii mahindi iko na viwavi," akasema.

Nikaenda kuangalia. Jani lilikuwa safi kabisa. Tukatembea kidogo, akasimama tena, akapata jani jingine la kukagua. Mara hii sikuliangalia jani. Niliangalia shingo yake, pale ngozi inapobonyea juu ya mfupa wa kifua, nikaiona ikiingia na kutoka kwa kasi ambayo mtu aliyesimama hapaswi kuwa nayo.

"Mayi, umechoka?" nikamuuliza. Mayi ndivyo tunavyomwita mama kwetu.

"Nani amechoka? Si nimekwambia ni viwavi?"

Mtu mwingine angeamini viwavi. Mimi kazi yangu imeniharibu. Nafanya kazi katika maabara ya utafiti upande wa Bungoma, na tunachunguza ugonjwa wa moyo kwa kutumia panya. Si hawa wa ghalani. Ni panya weupe wa maabara, na walio chini yangu mimi ni majike waliozeeka. Watu wakisikia hivyo hucheka, na siwalaumu. Kwa muda mrefu waliochunguza moyo walipenda panya madume vijana, kwa sababu dume akipevuka tu yuko tayari, na mwili wake haubadilikibadiliki kama wa jike. Jike mzee ndiye aliyekuwa hatakiwi kabisa. Ukimtaka, itabidi umlishe karibu miaka miwili ukimngoja azeeke, na wenzako wakati huo wamekwisha andika ripoti zao na kwenda zao.

Lakini anayeingia kliniki akihema si kijana wa kiume. Mara nyingi ni mama wa makamo au nyanya, aliyekwisha koma hedhi, na moyo wake una namna yake ya kuugua. Moyo huo unasukuma damu vizuri kabisa. Shida yake ni kulegea. Ukishasukuma, unatakiwa ulegee ujae tena, nao umekuwa mgumu, haulegei, na damu inabaki inasubiri nyuma yake kwenye mapafu. Kwa hiyo mama huyo akikaa kitini yuko sawa, na akipanda mwinuko anakata pumzi. Na anayempima kwa kuangalia msukumo tu atamwambia aende nyumbani, hana kitu.

Chumba cha panya wangu wenzangu wamekibatiza Kwa Kina Kukhu, kwa sababu kukhu kwa Kibukusu ni nyanya. Mimi mwenyewe nakiita hivyo. Mama alipopata habari hizo alizichukulia kama kichekesho cha mwaka. Yeye ni mkulima wa Trans-Nzoia, ana ghala la mahindi, na maisha yake yote amepigana na panya kwa mitego, kwa sumu na kwa paka.

"Mimi nawatega, wewe unawapikia," aliniambia. "Ati mpaka unawapima pressure?"

"Ndiyo, Mayi."

"Na mimi nani amenipima?"

Alikuwa anacheka, mabega yakimtikisika. Mimi nilicheka kwa mdomo tu.

Baada ya ile safari ya kisimani nilimbana mpaka akakubali kwenda kliniki huko Kitale. Kijana aliyemhudumia alimuuliza kama kifua kinamuuma. Mama akasema hapana, na ni kweli, hakikumuuma. Akasema kuna kitu kinamchoma hapa chini ya mbavu, taya inachoka, na mwili umekuwa mzito. Wakamwekea nyaya za kifuani, karatasi ikatoka na mistari mizuri. Akaambiwa ni ulcers, akapewa dawa za tumbo.

Alirudi amefurahi. Ulcers ni ugonjwa wa heshima kule kanisani kwao. Kina mama wengi wanao, na unakupa sababu ya kukataa maharagwe ya mkutano bila kuonekana una maringo. Alinipigia simu kunieleza jinsi dawa zinavyomsaidia, na mimi huku Bungoma nilikuwa nimeziba sikio moja kwa kidole ili nisikie vizuri. Sikuwa nasikiliza maneno. Nilikuwa nasikiliza anapopumzika katikati ya maneno.

"Mayi, unalalia mito mingapi siku hizi?"

"Kwani unataka kuniongezea?"

"Nauliza tu."

"Unauliza tu. Tangu uanze hiyo kazi ya panya huulizi tu kitu." Kisha akaongeza, kama mtu anayezungumzia hali ya hewa, kwamba mito miwili haitoshi, ameweka na ile blanketi nzito chini yake, akilala chini anahisi kama kifua kimejaa.

Nilikaa kitandani na simu mkononi. Niliogopa, sina neno jingine la kutumia. Nilijua ile blanketi ilikuwa inafanya kazi gani: kumwinua kifua ili maji yasimjae mapafuni. Siku zilizofuata niliingia Kwa Kina Kukhu kufanya kazi yangu nikashindwa hata kuwaangalia wale panya kwa utulivu. Kulikuwa na mmoja mnene, masikio yamepauka, aliyekuwa akitoka kwenye kona yake kwenda kunywa maji. Katikati alisimama. Akanusa sakafu, akanusa hewa, akajifanya ana shughuli pale, kisha akaendelea. Nilitoka nje nikasimama uani mpaka mwenzangu akaja kuniuliza kama nina malaria.

Hapa msomaji atauliza kwa nini nilihangaika hivyo wakati mume wangu kazi yake ni kupiga picha za moyo. Ndiyo, anafanya kazi katika kliniki ndogo mjini Bungoma, ana mashine ya ultrasound inayoonyesha moyo unavyopiga, na watu wanatoka Kimilili na Webuye kuja kwake. Ingekuwa ni mama wa jirani, ningempeleka kesho yake.

Lakini mama yangu ni mama mkwe wake. Kwetu Wabukusu watu hao wawili hawagusani. Hawapeani mkono, hawakai chumba kimoja, hawali meza moja, na wakionana njiani mmoja hupisha pembeni mpaka mwenzake apite. Si chuki, ni heshima. Siku hizi wengi wameilegeza. Wapo wanaoimaliza kwa zawadi na sherehe ndogo, baadaye unawakuta sebuleni wakitazama habari pamoja. Kwetu sherehe hiyo imekuwa ya mwaka ujao kila mwaka. Mama anaimba kwaya na anafundisha watoto Biblia, lakini kwa jambo la mkwe hataki mchezo. Akija kwangu anakaa jikoni na watoto, mume wangu anapata dharura ya kwenda mjini, na jioni mama anakwenda kulala Kimilili kwa dada yake. Nikiuliza, wote wawili wanasema ndivyo wanavyopenda. Mume wangu naye ameizoea heshima hiyo kuliko anavyokubali.

Sasa picha ya moyo inapigwa namna gani? Unavua nguo za juu. Unalala kwa ubavu wa kushoto. Mtu anakaa nyuma yako, anakuzungushia mkono, anakuwekea kifaa chini ya titi la kushoto na kukibonyeza hapo kwa muda mrefu. Nilipomweleza mama hayo, na nani angeyafanya, alinitazama kana kwamba nimemtukana mbele ya wageni.

"Afadhali nife na nguo zangu," akasema.

Nilikasirika. Nilimwambia hiyo ndiyo itakayotokea, atakufa na nguo zake, zimepigwa pasi, na mkwe wake atakuwa mbali kwa heshima kabisa. Nikaona macho yake yamebadilika nikatamani kuyameza maneno, lakini yalikuwa yametoka. Nilimtafutia miadi Eldoret kwa daktari wa moyo, nikapewa tarehe iliyo mbali mno kwa mtu anayelalia blanketi. Nilimweleza. Alikuwa anachambua mboga. Alichambua mpaka zikaisha, ndipo akasema bila kuniangalia:

"Wewe si unawapiga hao panya picha?"

"Ndiyo."

"Basi nipige wewe."

Nikamwambia haiwezekani, kwamba mimi ni wa panya, kwamba moyo wa panya haujai hata kijiko, kwamba sina ruhusa ya kumpima binadamu. Akasema yeye si binadamu wa watu, ni mama yangu, na kama mkono wangu umeweza kuupata moyo usiojaa kijiko hauwezi kuukosa wake.

Nilidhani mume wangu atacheka. Badala yake akasema haitakuwa majibu ya kuandikwa popote. Itakuwa ya kutuonyesha tu kama tunaweza kungoja tarehe ya Eldoret au tunatakiwa tumkimbize. "Wewe utashika, mimi nitaangalia," akasema. Akazungumza na mwenye kliniki, wakaelewana Jumapili alasiri, wakati hakuna wagonjwa.

Jumapili hiyo nilimchukua mama Kimilili kwa dada yake baada ya ibada. Alivaa gauni lake la kwaya na sweta mpya, na njia nzima hakukagua kitu chochote. Pale kliniki mume wangu alikuwa ametangulia. Alikuwa amevuta lile pazia la kijani lililo katikati ya chumba, kitanda upande huu na mashine upande ule, yeye akiwa amekaa na mashine yake asionekane ila viatu. Mama alipoviona viatu akasimama mlangoni.

"Mwambie mkwe nimemsalimia," akasema kwa sauti ambayo ingefika barabarani.

"Mwambie mama nimepokea," kikasema kiti kule nyuma. "Muulize kama kule nyumbani mvua imenyesha."

"Mwambie imenyesha kiasi."

Nilimsaidia kuvua. Sikuwa nimeuona mwili wa mama yangu kwa miaka mingi. Ngozi ya tumbo ilikuwa laini na imelegea, na pale soksi zilipokuwa zimeishia miguuni pamebaki mfereji. Nilibonyeza kidogo kwa kidole, shimo likabaki. Nikamlaza kwa ubavu wa kushoto, nikakaa ukingoni mwa kitanda pale pazia linapoishia, ili jicho langu moja liwe kwake na jingine kwenye kioo cha mashine. Waya wa kifaa ulipita chini ya pazia. Nikampaka jeli, nikaweka mkono.

Sikupata kitu. Kioo kilikuwa na ukungu wa kijivu unaotembeatembea. Nikasogeza juu, nikasogeza chini. Mkono wangu umezoea panya, ambaye ukimbonyeza zaidi kidogo unamzuia kupumua, kwa hiyo nilikuwa namgusa mama kama mtu anayegusa mkate usioiva.

"Bonyeza," mume wangu akasema. "Huyo si panya."

"Anasema nini?" mama akauliza.

"Anasema nibonyeze."

"Bonyeza basi, kwani nitavunjika?"

Nikabonyeza katikati ya mbavu, nikainamisha kifaa kama nilivyoelekezwa, na ghafla moyo ukawa pale. Ulikuwa mkubwa. Nilijua utakuwa mkubwa, nimesoma, nimeona vitabuni, na bado nilishtuka. Vyumba vinne, milango inafunguka na kufungwa, ukuta unakaza na kuachia. Mama yangu mzima alikuwa amelala kimya hapa, na kule kwenye kioo kitu chake kilikuwa kinafanya kazi bila kumuuliza.

"Hapo hapo, usitoke," akasema mume wangu. Nikasikia vidole vyake kwenye vitufe. "Unasukuma vizuri. Mwambie mama moyo unasukuma vizuri sana."

"Si niliwaambia!" mama akasema. "Ni ulcers."

Mimi nilijua kinachofuata. Mashine ile ikigeuzwa kidogo inachora damu inavyoingia kwenye chumba cha chini cha moyo, na kila pigo huchora vilima viwili. Kilima cha kwanza ni moyo unapolegea wenyewe na kuivuta damu. Cha pili ni chumba cha juu kinapoisukuma ile iliyobaki. Moyo ukiwa laini, cha kwanza ni kirefu na cha pili ni kifupi. Nimevitazama vilima hivyo kwa panya wangu mpaka navijua kama ninavyoujua mwandiko wangu.

Mume wangu akageuza. Vilima vikaanza kupita kwenye kioo, na cha kwanza kilikuwa kifupi. Kifupi, kirefu. Kifupi, kirefu. Niliomba nikijua ni upuuzi kuomba juu ya picha iliyokwisha tokea.

"Umri peke yake unaweza kuleta hivyo," mume wangu akasema taratibu, na nikajua anazungumza nami, si na mama.

"Angalia chumba cha juu," nikasema.

Akaangalia. Kiti kililia. Chumba cha juu cha kushoto kilikuwa kimetanuka, kama kinavyotanuka kikisukuma kila siku kwenye mlango usiotaka kupokea. Akapima mara moja, akapima tena, akatafuta vipimo vingine ambavyo sikuvitaja kwa mama, na kila alichokipima kilikwenda upande ule ule. Hakuniambia namba. Alisema tu kwamba kesho asubuhi na mapema atampigia rafiki yake wa Eldoret, na kwamba ile tarehe ya mbali tuisahau, mama ataonwa wiki hii hata ikibidi yeye mkwe alale kwenye benchi ya hospitali.

Mama alikuwa anasikiliza. Pazia si ukuta.

"Mbona mmenyamaza? Niambieni."

Kumwambia hayo haikuwa kazi ya mkwe. Ilikuwa zamu yangu. Nilimwambia mama kwamba ule si ugonjwa wa tumbo, au si wa tumbo peke yake. Nikamwambia moyo wake una nguvu ila umekuwa mgumu, haulegei ukajaa, ndiyo maana mwinuko wa kisima umemshinda na ndiyo maana ya blanketi. Nikamwambia kuna dawa, kuna za kutoa maji miguuni na kwenye mapafu, kuna za pressure, kuna nyingine mpya, na daktari atajua. Nilisema haraka haraka, nikijua nasema haraka, sauti ikinipanda.

"Ndiyo ile ya panya wako?" akauliza.

"Ndiyo, Mayi. Inafanana."

Kifaa kilikuwa bado mkononi mwangu, kifuani pake, na vilima vilikuwa vinaendelea kupita.

"Na hao panya, wakishakuwa na moyo ya namna hii, wanakaa muda gani?"

Nilifungua mdomo nimjibu, kwa sababu hiyo ndiyo kazi yangu na watu hunilipa kuijua. Ningeweza kumwambia ukuta wa moyo ule unavyonenepa, ni nini kinachoota katikati ya nyama yake, unavyoonekana ukikatwa vipande vyembamba na kuwekwa chini ya hadubini. Swali lake lenyewe sikuwa na jibu lake. Tukishapata picha tunayoitaka, tunamzidishia mnyama ile hewa ya dawa ya usingizi tuliyomlaza nayo, mpaka asiamke, na siku hiyo hiyo moyo uko kwenye mizani. Miaka yote hii sijapata kumwona panya akiishi na moyo ule.

"Sijui," nikasema.

"Hujui namna gani? Si ndio kazi yako?"

"Huwa hatuwangoji, Mayi. Tukiona moyo umekuwa hivi tunawaua, ndiyo tuangalie ndani."

"Wote?"

"Wote."

Nyuma ya pazia viatu vilisogea kidogo, vikatulia. Mama akageuza uso akanitazama, jeli ikimtiririka ubavuni, bila hasira yoyote.

"Basi mimi mningoje," akasema, akaninyooshea mkono nimwinue.